Kinga isiyopandwa

Mpwa wangu ana kasoro moja: hukumbuka kunionyesha vitu kwenye telefoni wakati mikono yangu yote miwili imeshika randa. Juma lililopita aliingia karakana, akakanyaga maranda bila hata salamu, akanisogezea skrini hadi puani.

"Mjomba, angalia hii kinga."

Kwa wasomaji wa mbali: kinga ni baiskeli, ndivyo tunavyoiita huku Kivu. Ilikuwa foto ya zamani, nyeusi na nyeupe. Mwanaume mwembamba kama ufito anatembea kando ya kinga, na kinga yenyewe haionekani sana kwa wingi wa magunia. Mimi kama fundi niliangalia kwanza alipokamata. Mkono wa kushoto haukuwa kwenye gido. Ulishika kijiti kilichofungwa kwenye gido, yaani usukani, na kutokeza nje kwa upande, urefu wa mkono mzima. Mkono wa kulia ulishika kijiti kingine, kilichosimama wima nyuma ya kiti. Nikajua palepale kwamba aliyefunga vijiti vile alikuwa amewahi kuangukiwa na mzigo.

"Haina pa kukaa," nikasema.

"Benyewe habapande, mjomba. Banasukuma tu."

Akanisomea: Vietnam, mwaka 1954, vita vya Dien Bien Phu, Wavietnam na Wafaransa waliokuwa wakiwatawala. Bwana mmoja, Ma Van Thang, alisukuma kilo 352 kwa safari moja. Hapo akatua, akanitazama usoni, akingoja nipige mluzi.

Sikupiga. Mimi natengeneza chukudu, ile kinga ya mbao isiyo na pedali ya kubebea mizigo, hapa Majengo, na kabla ya kuwa fundi nilikuwa nashusha mizigo kutoka Kibumba kuja Goma: viazi, mashu (kabichi), puaro (liki), makala (makaa) wakati mwingine. Chukudu nzuri ya mbao, magurudumu yake yakivishwa mpira wa tairi kuukuu na kutiwa beringi za gari bovu, inabeba uzito huo na kubaki inadai mwingine. Kilo nimezizoea. Nilichomuuliza mpwa ni kitu kingine: "Barabara yake ilikuwa inapanda ao inashuka? Na ule mutu alikuwa anakula nini?" Hakuwa na jibu. Kwa hiyo siku tatu mfululizo, umeme ukirudi usiku, nilikaa na telefoni yake nikasoma.

Kumbe swali la chakula ndilo lililokuwa vita vyenyewe.

Wafaransa waliteremsha askari wao kwa parachuti kwenye bonde la Dien Bien Phu tarehe 20 Novemba 1953. Bonde liko mbali, kilomita kama 300 kutoka Hanoi kwa njia ya ndege, limezungukwa na milima na misitu karibu na mpaka wa Laos. Kila kitu chao kilikuja kwa ndege: risasi, mikate, waya, hata vifaru vilivyofunguliwa vipande vipande na kuunganishwa hukohuko. Waliamini kwamba adui anaweza kufika pale kwa miguu, sawa, ila hawezi kulisha jeshi kubwa pale, sembuse kupandisha mizinga.

Ni rahisi leo kuwacheka. Lakini mimi nilikaa na kalamu ya useremala nikapiga hesabu yao juu ya ubao, na nikaona hawakuwa wajinga. Chukua mtu anayebeba mchele begani kwa mti, vikapu viwili, kilo 25. Mchele mwingi ulitoka mbali, mkoa wa Thanh Hoa kwa mfano, zaidi ya kilomita 500 kwa njia za milimani. Akitembea kilomita 25 kwa siku, ni siku 20. Akila kilo moja kwa siku, maana anapanda milima na mzigo, atafika akiwa na kilo tano kwenye vikapu. Na bado hajarudi nyumbani. Akirudi atakula kilo 20 nyingine. Yaani umemtuma mtu akupelekee mchele, na mwisho wa safari anakudai wewe kilo 15. Jenerali wa Wavietnam, Vo Nguyen Giap, alikuja kueleza kwamba kwa uzoefu wa kampeni yao ya nyuma kidogo, ili kilo moja ya mchele ifike mbele, kilo 24 zililiwa njiani. Nilipoisoma namba hiyo niliiamini mara moja. Sisi wenyewe kutoka Kibumba, safari ya siku moja tu, kuna wenzangu waliokuwa wanafika sokoni Virunga wameshakula faida yote kwa chai na maandazi.

Sasa weka kinga kwenye hesabu ileile. Kilo 200, mtu mmoja, siku zilezile 20 kwenda na 20 kurudi. Anakula 40, anaacha 160. Kinga haili. Hapo ndipo nilipoweka kalamu chini.

Wavietnam walikusanya kinga zaidi ya 20,000. Nyingi zilikuwa za Kifaransa, Peugeot, zilizouzwa na Wafaransa wenyewe mijini. Wakazitendea kama tunavyozitendea bodi za magari huku kwetu. Fremu ikaongezewa vipande vya mbao na mianzi ili isipinde. Uma wa mbele ukafungwa gango kama mguu uliovunjika. Suruali kuukuu zikachanwa na kuzungushwa kati ya tairi na mpira wa ndani, ili mwiba ukutane na kitambaa kwanza. Kisha vile vijiti viwili. Cha gido ni cha kuelekeza, maana ukitembea kando na tumbo la gunia liko katikati, gido huifikii. Cha nyuma ni cha kusukuma na kuzuia. Wasukuma kinga wa Maniema wanaovuka msitu na bidoni za mawese hufunga kijiti kilekile kwenye gido, na sidhani kama kuna aliyetumiana barua na mwenzake. Mzigo ni uleule, basi na akili inafika mahali palepale.

Mpwa alikuwa anasimulia kana kwamba kinga ndizo zilishinda peke yake. Nikamkatiza. Yalikuwepo malori ya Kirusi, Molotova, zaidi ya 600, na hayo ndiyo yaliyovuta tani nyingi pale palipopitika. Kulikuwa na mashua na vyelezo vya mianzi kwenye mito, kulikuwa na farasi. Na hesabu rasmi za Vietnam zinataja raia zaidi ya 260,000 waliobeba, waliosukuma, waliochimba barabara na kufukia mashimo ya mabomu. Faida ya kinga ilionekana barabara inapopigwa. Ndege zilikuwa zinabomoa njia panda na madaraja kila siku, na lori likikuta shimo linasimama mpaka watu wafukie. Kinga inainuliwa, inazungushwa porini, inaendelea. Sisi wa Goma hatuhitaji kuelezwa hilo. Januari 2002 volkano ilipokata mji katikati, nilikuwa na miaka 17. Malori yalipanga mstari kule upande wa Kibati kama ng'ombe wanaongoja dawa. Sisi tulishusha magunia, tukabeba chukudu kichwani juu ya mawe yaliyokuwa bado yanatoa joto chini ya kambambili, tukapakia tena upande wa pili. Mwezi ule nilipata pesa ambazo sikupata tena miaka mitatu.

Lakini turudi kwenye barabara inayoshuka, maana hapo ndipo watu wasiosukuma hawaelewi.

Kupanda ni jasho tu. Mkishindwa wawili mnaita wa tatu. Kushuka ndiyo kazi. Njia ya kwenda Dien Bien Phu ina mlima mmoja, Pha Din, wenye kona kwa kona kilomita 32, na ndege zilikuwa zinaulenga. Walipita usiku. Sasa jiweke pale: giza, matope, upande mmoja bonde, na una kilo 200 zinazotaka kutangulia mbele yako. Walikuwa wakifanya hivi: mmoja anashika gido, mwingine nyuma anavuta kwa kamba, anaegemea nyuma kama anayevuta mbuzi asiyetaka kwenda.

Mimi breki yangu ilikuwa kipande cha tairi juu ya gurudumu la nyuma. Unakikanyaga kwa kisigino, mpira unasugua mpira, chukudu inapungua mwendo. Siku ninayoikumbuka ilikuwa mvua ya asubuhi halafu jua kali. Nilitoka Kibumba na magunia manne ya viazi ya mama mmoja wa sokoni, goti la kushoto juu ya kile kisponji tunachopigilia kwenye ubao, mguu wa kulia tayari kwa breki. Mteremko wa kwanza sawa. Wa pili nikasikia harufu. Ukisikia harufu ya mpira unaoungua, huna dakika, una pumzi tatu. Kipande kilikuwa kimekwisha, nilikuwa nakanyaga misumari. Mbele yangu kulikuwa na wanawake wawili na ndoo za maharage. Nilichofanya sikukifikiri. Nililala upande wa kushoto na chukudu yote, ikaenda kwenye mawe ya volkano, na mimi nikaenda nayo. Viazi vilitawanyika hadi ng'ambo ya barabara. Watoto walitokea chini ya ardhi, sijui wapi, wakaviokota, vingine wakarudisha, vingine wakasahau. Kovu liko hapa kwenye kiwiko mpaka leo, na lile deni la viazi nililipa wiki kumi na moja. Mama yule hakunifokea. Alikuja, akaangalia kiwiko, akaangalia viazi, akasema, "Pole, mtoto wangu. Bilibakia ngapi?"

Ndiyo maana katika yote niliyosoma, kilichonifanya nizime telefoni nikae gizani kidogo ni habari ya mzinga mmoja. Januari 1954 walikuwa wamekokota mizinga kwa mikono, kwa kamba, kuipandisha milimani kuzunguka bonde. Halafu Giap akaona mpango wa kushambulia haraka ni wa hatari, akaamuru mizinga irudishwe nyuma, ipangwe upya. Irudishwe! Watu wamevuta chuma cha tani zaidi ya mbili kupandisha mlima, sasa waambiwe wakishushe. Tarehe 1 Februari, usiku, kwenye mteremko, kamba ilikatika na mzinga mmoja wa kupiga ndege ukaanza kwenda. Askari aliyekuwa anaelekeza usukani wake, To Vinh Dien, alijitupa chini ya gurudumu. Mzinga ukasimama. Yeye alikufa. Kule kwao anafundishwa shuleni kama shujaa, na ni haki. Mimi nilimwona kama mwenzangu. Najua kile kitambo kidogo kabla ya gurudumu kushika kasi, wakati mwili unaamua bila kukuuliza.

Mizinga ilifika. Iliwekwa kwenye mahandaki yaliyochimbwa ndani ya vilima, ikaanza kupiga tarehe 13 Machi. Kamanda wa mizinga wa Wafaransa, Kanali Piroth, alikuwa ameahidi kwamba mzinga wowote wa adui hautapiga mara tatu kabla hajaunyamazisha. Alijiua siku mbili baadaye. Mwisho wa Machi uwanja wa ndege haukutumika tena, na kuanzia hapo Wafaransa wakawa wanatupiwa vitu kwa parachuti. Kwa kuwa ndege zililazimika kuruka juu sana, sehemu ya mizigo ikawa inaangukia kwa adui. Yaani aliyekuwa na ndege akakosa chakula, na aliyekuwa na kinga akawa anaokota maziwa ya kopo ya Wafaransa. Tarehe 7 Mei Wafaransa wakashindwa, vita vikaisha.

Kitu kimoja kidogo, maana mimi ni mtu wa mbao. Huko Thanh Hoa, wale wasiokuwa na kinga walitengeneza toroli za gurudumu moja, zote mbao. Bwana mmoja alikosa ubao mgumu wa gurudumu akavunja madhabahu ya mababu iliyokuwa nyumbani kwake. Toroli yake iko kwenye jumba la makumbusho la Dien Bien Phu, na kwenye foto ubao bado unaonekana una nakshi. Niliikuza picha kwa vidole mpaka ikawa madoa. Mimi gurudumu la chukudu nalichonga kwa mti wa mumba, na siku hizi mumba kuupata ni safari, na ukiupata kuna bariyeri ambapo mtu asiye na karatasi yoyote anakuuliza karatasi. Nimewahi kuchonga gurudumu kutokana na mlango. Madhabahu, hapana, sijui kama ningethubutu.

Ile namba, 260,000, ilinisumbua pia kwa sababu nyingine. Nilikuwa nimeishaisikia. Wanahistoria wanaoandika juu ya vita vya kwanza vya dunia huku kwetu wanasema Wabelgiji walitumia wapagazi karibu 260,000 kwa jeshi lao la Force Publique dhidi ya Wajerumani. Kibati, hapo juu tu, palikuwa na kambi yao. Mwaka 1916 jeshi lilivuka kwenda Rwanda, likafika mpaka Tabora tarehe 19 Septemba. Babu yangu alisema baba yake alichukuliwa shambani akiwa na jembe mkononi, akapewa sanduku abebe kichwani, akarudi baada ya mvua mbili bila kucha za miguu. Aliulizwa sanduku lilikuwa na nini. Hakujua, hakuna aliyelifungua mbele yake. Jenerali Tombeur baadaye alipewa jina la heshima, Tombeur wa Tabora. Baba wa babu hakupewa hata kambambili. Wale wa Vietnam angalau nyumbani kwao kuna ukuta wenye foto yao na idadi ya kilo. Kama kuna ukuta wa wale wa Kibati, mimi nimepita hapo miaka nane na mzigo na sijauona. Sisi tuna sanamu ya chukudu ya rangi ya dhahabu kwenye rond-point, mzunguko wa barabara, tangu 2009, na naipenda, ila yule jamaa wa sanamu amekaa vizuri mno kwa mtu anayesafirisha mzigo.

Jumamosi tulijaribu. Mpwa alileta kinga yake, mimi nikachonga vijiti viwili vya mkaratusi, tukajaza mchanga magunia mawili ya kilo 50. Mara ya kwanza tuliyaweka juu ya kiti, kama mtu yeyote angefanya. Kinga ilisimama, ikafikiri, ikaniangukia mguuni. Jirani zangu ni watu wa heshima, walicheka baada ya kuhakikisha sikuvunjika. Tukarudi kwenye foto. Magunia ya yule bwana yananing'inia pande mbili, chini, tumbo la gunia likikaribia kugusa ardhi. Tukayafunga hivyo, moja huku, moja huku, kwa mipira ya ndani iliyokatwa. Hapo kinga ikatulia kama ng'ombe aliyezoea kukamuliwa. Nikashika kijiti cha gido kwa kidole tu, ikageuka. Tukaongeza gunia dogo katikati. Tukaisukuma mpaka mwisho wa mtaa wetu, juu ya mawe, mpwa mbele na mimi nyuma na kamba. Kwenye kurudi kuna kiteremko, si kikubwa, na nilikiri kwa sauti kwamba kile kijiti cha nyuma kinashika vizuri kuliko breki yangu ya tairi. Unakivuta chini, gurudumu la nyuma linakaa. Rayoni mbili, zile spoku za gurudumu, zilikatika. Hatukuwa tumefunga gango.

Mama anayeuza mashu mbele ya karakana alitufuata njia nzima na kiti chake mkononi.

"Mzee, hii itafika Kibumba?"

"Itafika, mama. Lakini chukudu inabeba zaidi, na kurudi unapanda juu yake."

"Sasa ni ya kazi gani?"

Nikamweleza kuhusu msitu, na matope, na njia nyembamba ambapo chukudu yangu yenye ubao mrefu isingepinda kona. Alisikiliza vizuri, akasema huko Walikale kuna shangazi yake, njia ni hivyohivyo, akarudi kwenye mashu yake. Mpwa alifungua kijiti cha gido kwa sababu Jumatatu ana masomo na kinga anaihitaji. Kile cha nyuma amekiacha. Anasema ni kizuri kufungia mkoba.